Nukta Moja, Wageni Kumi na Mmoja

Mashine ilishushwa bandarini Mtwara mwezi wa kwanza mwaka 2005, ikafungwa na fundi aliyekuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege, na tangu siku hiyo ikawa haifanyi kazi. Haikuwa mbovu, la hasha. Ilikuwa nzima kuliko kitu kingine chochote pale Kituoni, kituo cha utafiti cha Serikali, ukijumlisha gari, paa na mkurugenzi mwenyewe. Kasoro yake ilikuwa moja tu, tena ndogo: ilikuwa haijafunguliwa rasmi.

Na kitu ambacho hakijafunguliwa rasmi, kila mtu mwenye adabu zake anajua, hakipo. Kisima kinaweza kujaa maji hadi yamwagike, lakini kama utepe haujakatwa, wanawake watapita pembeni na ndoo zao kichwani. Basi mashine ikakaa miezi mitano chini ya shuka jeupe, kama maiti anayesubiri ndugu wa mbali. Ndugu huyo ni mgeni rasmi. Kwanza aliahidi kuja mwezi wa pili, kisha wa tatu, kisha akasafiri, kisha akarudi akiwa amechoka kwa safari.

Mwanakombo ndiye aliyekuwa akifuta vumbi lile shuka. Cheo chake kilikuwa mhudumu wa usafi, kibarua. Alikuwa na miaka ishirini na tano, mtoto mmoja wa miezi minane aitwaye Faraji, na daftari la masomo ya jioni lililofungwa kwa mpira ili kurasa zisitoroke. Kila siku saa kumi alipomaliza kupiga deki Kituoni, pale Ufukoni, alimchukua mtoto kwa jirani, akaenda naye darasani, akakaa dawati la nyuma karibu na mlango. Faraji akilia, mama anatoka. Akinyamaza, mama anarudi. Hivyo alijifunza nusu ya hesabu ndani na nusu nje, na kwa bahati nzuri kutoa na kujumlisha vilimkuta ndani.

Mtu pekee aliyejua mashine ile ni ya nini alikuwa Daktari Yustina, mkemia, mzaliwa wa Songea, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. Wengine wote walijua tu kwamba ni ya leza, na kwamba leza ni kitu kikubwa.

"Ni mizani, Mwanakombo," Yustina alimwambia siku moja, akiinua pembe ya shuka kama anayemwonyesha bibi harusi. "Mizani ya vitu vidogo mno. Peptidi unazijua?"

"Sizijui, daktari."

"Fikiria uzi wa shanga. Shanga ziko aina ishirini, kila aina ina uzito wake. Uzi wenyewe huuoni hata kwa darubini. Utajuaje shanga zimepangwa vipi?"

Mwanakombo alisimamisha tambara lake. "Nitaukata."

"Utaukatia wapi?"

"Popote. Ninao mmoja?"

"Unazo nyingi mno, zote zinafanana."

"Basi huu nitaukatia hapa, ule pale, mwingine kule. Nipime vipande vyote. Kipande kikimzidi mwenzake kwa uzito wa shanga ya buluu, basi iliyozidi hapo ni ya buluu. Naendelea hivyo mpaka uzi uishe."

Yustina alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama yangu anatunga shanga za kiunoni. Za kuuza, na za..." akacheka, akainamia tambara. "Na za nyumbani."

"Basi hiyo ndiyo mashine. Mkasi wake ni mwanga. Leza inapiga, peptidi zinaruka ndani ya bomba lisilo na hewa. Ukiongeza nguvu kidogo, zinapasukia njiani, na vipande vinapimwa. Mimi nilisoma miaka saba kujua hilo, wewe umelijua umeshika tambara."

Kuanzia siku hiyo, kila bosi alipotoka, Mwanakombo alifundishwa. Alifundishwa kudondosha sampuli kwenye ile sahani ya chuma, ndogo kama kiganja, yenye nafasi tisini na sita za nukta, safu za herufi na safu za namba kama karatasi ya bahati nasibu. Tone la sampuli, tone la maji yenye unga maalumu, vinakauka pamoja na kuwa fuwele. Unga ndio unaomeza mwanga na kuirusha peptidi. Tone lenyewe ni dogo kuliko chozi la sisimizi. Mkono wa Yustina ulitetemeka. Wa Mwanakombo haukutetemeka, kwa sababu tangu akiwa na miaka kumi na nne alikuwa akiwachora maharusi piko, na bibi harusi ukimharibia kidole utahama mtaa.

Sasa kuhusu konokono.

Mama yake, Bi Rukia, alikuwa akiishi Msimbati, na maji yakipwa alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoshuka mwambani kuokota chaza na kuchokoa pweza. Miaka saba vifundo vya mkono wake wa kulia vilimuuma. Vidonge alivimeza, akachanjwa, akakandwa kwa maji ya moto, na kila mganga aliondoka ameridhika isipokuwa mkono. Mwezi wa pili mwaka ule, akipekua jiwe, alichomwa na yule konokono mwenye gamba zuri lenye madoadoa ambaye wanawake wa kule humwita tu yule wa sindano, na ambaye kila mtoto hukanywa asimguse kwa sababu anaua. Bi Rukia alilala siku mbili akitapika, watu wakaanza kuulizana sanda. Siku ya tatu aliamka, akaomba uji, akashika kikombe kwa mkono wa kulia. Mkono ukawa umesahau kuuma. Ulisahau kwa wiki tatu nzima.

Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu akakaa. Bi Rukia alimshukuru Mungu, kisha akarudi kwenye jiwe lile lile na kopo la maziwa ya unga, akamkuta konokono, akamkokota kwa kijiti, akapanda gari hadi Ufukoni.

"Shikamoo mama," Mwanakombo alimpokea.

"Marahaba. Shika kopo. Usinshike aliyemo ndani."

"Mama! Amekuua huyu, na wewe unampakata?"

"Hajaniua, kaniponya nkono. Wewe si uko na wenye mashine? Waambie wantazame vizuri. Na wasin'chemshe, si wa nchuzi huyu."

Yustina alimtazama vizuri. Alikamua sumu yake yote kabla hajafa, sumu ambayo yenyewe ni peptidi, akaisafisha, akaigawa kwenye vichupa vinne, akavitia kwenye friza. Alitafuta konokono mwingine wa aina ile mwamba mzima, yeye na Bi Rukia, mara tatu maji yalipokupwa, hawakumpata. Mwezi wa nne umeme ulikatika siku tatu. Gesi ya Mnazi Bay wakati huo ilikuwa bado imelala ardhini na wananchi wamelala gizani, kila mmoja kwa amani yake. Kituo kilikuwa na jenereta, na jenereta lilikuwa na dizeli, lakini dizeli ile ilikuwa ya ufunguzi. Mkurugenzi alikuwa ameandika hivyo kwenye pipa kwa rangi nyekundu: YA UFUNGUZI. Vichupa vitatu viliharibika. Cha nne kiliokoka kwa sababu Mwanakombo alikitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu ya wauza samaki, akawa akiibadilisha asubuhi na jioni.

Tone moja, basi. Nukta moja tu ya sahani.

"Nukta hii ikisomeka," Yustina alimwambia, "jina lako nitaliandika kwenye ripoti chini ya langu. Na nafasi ya msaidizi wa maabara ambayo iko wazi tangu mwaka juzi, nitapeleka jina lako hilo hilo. Isiposomeka, sina cha kuwaonyesha. Watasema mfagiaji ni mfagiaji."

Mwanakombo alikwenda kubadilisha barafu.

Mwezi wa sita mgeni rasmi alipatikana. Bwana Dickson, mkurugenzi, mtu safi sana, mwenye suti tatu na kalamu nne, aliita kikao cha maandalizi. Alikuwa na orodha.

"Utepe upo. Jiwe la msingi lipo, limekosewa tarehe lakini litafunikwa na pazia. Wapiga ngoma wapo. Korosho zipo. Sasa, kubonyeza kitufe." Alikohoa. "Atabonyeza mgeni rasmi. Atafuata mke wa mgeni rasmi. Atafuata mwakilishi wa wafadhili. Kisha mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, ambaye ni mimi. Kisha..."

Aliendelea. Walifika kumi na mmoja, na wa kumi na moja alikuwa mwakilishi wa mtu ambaye angewakilishwa.

"Mkurugenzi," Yustina alisema, na kwa kuwa hakujua kunong'ona dirisha lilitikisika, "kila kitufe kikibonyezwa leza inapiga mara mia mbili. Kila pigo linakula sampuli. Hiki si kitu cha kutazamwa, kinaliwa! Watu kumi na mmoja wakibonyeza, nukta imekwisha. Na inatakiwa kuanza na nguvu ndogo, taratibu, kwa sampuli inayojulikana."

"Daktari, wageni hawajaja kutazama nguvu ndogo."

"Basi tuwawekee nukta nyingine. Hata maji ya muhogo."

Bwana Dickson aliinua kadi ya mwaliko kwa vidole viwili. "Kadi zimeshachapwa. Soma. 'Mgeni rasmi atapiga mwanga kwenye sumu halisi ya Msimbati.' Halisi, daktari. Unataka nimdanganye mheshimiwa? Mimi?"

"Sumu hiyo ni tone moja, bosi."

"Na mheshimiwa ni mmoja. Itifaki, daktari. Itifaki."

"Halafu mwanga wenyewe hauonekani," Yustina alisema kwa uchovu. "Ni wa aina ambayo jicho halioni. Upo ndani ya mashine."

Hilo lilikuwa tatizo la kweli. Bwana Dickson alitazama dari, akatazama kalamu zake, kisha akamgeukia dereva wa Kituo. "Josephu. Zile taa za Krismasi bado unazo?"

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kamati ya maandalizi.

Ijumaa ya ufunguzi, saa mbili asubuhi, Mwanakombo alikuwa peke yake maabara. Yustina alikuwa amemkabidhi kichupa bila kumtazama usoni. "Weka nafasi A1. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Leo wangu hata kikombe haushiki." Akatoka kwenda kuwasha jenereta, maana umeme ulikuwa umekatika tena, huku akivuta mafua ya uongo.

Sahani ilikuwa mezani, inang'aa. Kichupa kilikuwa kwenye barafu. Nje walikuwa wanajaribu spika. Moja, mbili, moja, mbili, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufika tatu.

Mwanakombo alifungua kichupa. Akalitazama lile tone, akaona vidole vya mama yake vimeshika kikombe cha uji. Tone zima liliwe na watu kumi na mmoja, halafu wakale korosho.

Ndipo akahisi ubaridi kifuani. Alikuwa hajamnyonyesha Faraji tangu alfajiri. Maziwa yalikuwa yamepenya blauzi na kulowesha upande wa kanga. Kwa jirani, bila shaka, kijana alikuwa anaulizia chai yake.

Alisimama vile kwa muda ambao yule wa spika alihesabu moja mbili mara sita.

Kisha akafunga mlango. Akaosha mikono, akachukua kichupa kipya, akageukia ukuta, akakamua matone mawili. "Samahani mwanangu," alinong'ona, "nakuazima." Akayachuja kama alivyofundishwa, akachukua pipeti, akadondosha tone la maziwa nafasi A1, na juu yake tone la unga. Kisha akaenda pembe ya mwisho kabisa ya sahani, H12, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuketishwa, akadondosha lile tone la konokono, na juu yake tone la unga. Mkono haukutetemeka.

Sherehe ilifana. Ngoma ilipigwa, risala ilisomwa, na kila aliyesimama kuzungumza alisema itifaki imezingatiwa, kisha akatumia dakika kumi kuizingatia upya. Mgeni rasmi, baba mnene mwenye uso wa upole na usingizi, alikata utepe kwa mkasi ambao haukukata, akaumaliza kwa kuuvuta. Waliingia maabara wote, wakasimama wakibanana, jasho linatoka.

"Nibonyeze hapa?" aliuliza mgeni rasmi.

"Hapo hapo, mheshimiwa."

Alibonyeza. Mashine ikafanya tiki-tiki-tiki ya chinichini. Nyuma yake, Josephu akiwa amechuchumaa, akachomeka waya. Taa nyekundu, kijani na njano zikawaka kuizunguka mashine, zikapepesa, na kwa kuwa zilikuwa zile za kichina zenye sauti, zikaanza kuimba wimbo wa Noeli. Mwezi wa sita.

"Ahaa!" mgeni rasmi alisema. "Kumbe leza inaimba."

"Teknolojia, mheshimiwa," alisema Bwana Dickson, na jasho lake likabadilisha njia.

Makofi. Mke wa mgeni rasmi alibonyeza, akapenda, akabonyeza tena. Mwakilishi wa wafadhili alibonyeza akiwa amevaa miwani ya jua. Yustina alikaa mbele ya kompyuta kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua. Alikuwa amewasha kurekodi, ili angalau chochote kipatikane. Kwenye skrini milima ya grafu ilikuwa inachomoza, mingi, mirefu. Alikunja uso. Akaangalia namba, akakunja uso zaidi. Mwanakombo, mlangoni na sinia la soda, alitazama chini.

Wa kumi na moja alipobonyeza, milima ilikuwa imekuwa vichuguu, na vichuguu vimekuwa mchanga. Nafasi A1 ilikuwa imeliwa hadi chuma. Bwana Dickson alichomoa karatasi ya grafu kwenye printa, akaiinua juu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi! Sumu ya Msimbati imevunjwa vipande! Hii mnayoiona ni sumu kali, mpya, ambayo haijawahi kuonekana popote duniani!"

Mgeni rasmi alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye karatasi. Walipiga picha ya pamoja, kisha nyingine, kwa sababu katika ile ya kwanza mtu alikuwa amefumba macho, na mtu huyo alikuwa mheshimiwa. Saa saba wakaenda kula. Saa nane kasoro robo Bwana Dickson alikuwa ameshaituma ile grafu kwa barua pepe kwa wataalamu wa Dar es Salaam, na kichwa cha habari kwa herufi kubwa.

Saa tisa alasiri maabara ilibaki na watu wawili. Yustina aliitoa sahani ndani ya mashine, akachukua chupa ya spiriti na pamba.

"Basi," alisema. "Imekwisha. Tuioshe, tulale."

Mwanakombo alimdaka kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kumgusa daktari hata siku moja.

"Usioshe."

"Kuna nini cha kuacha, dada yangu? Wamekula."

"Wamekula maziwa."

"Maziwa gani?"

Mwanakombo alijishika kifua, uso umemwiva kwa aibu. "Ya Faraji. Yako A1. Yalikuwa A1. Ile yetu iko H12, daktari. Pembeni kabisa. Nifukuze ukitaka, lakini iangalie kwanza."

Yustina aliinamia sahani. Kwenye pembe ya mwisho nukta moja ndogo nyeupe ilimtazama, nzima, haijaguswa. Akaketi sakafuni, chini kabisa, mguu huku na mguu kule, akacheka. Alicheka kwa sauti ile ile isiyojua kunong'ona, akipigapiga sakafu iliyodekiwa na mwenzake. "Sumu kali!" alilia. "Haijawahi kuonekana! Mbona Faraji ameiona miezi minane!"

"Daktari, dizeli."

Hilo lilimwinua. Jenereta lilikuwa na saa moja, labda na ushee.

Walianza taratibu, kama inavyotakiwa. Walipanga nguvu ya leza kwa nukta ya sampuli inayojulikana, wakasogea H12. Yustina akapiga. Kwenye skrini, mstari ulionyooka. Akapandisha kidogo, akapiga. Mstari.

"Imeharibika," Mwanakombo alisema. "Ni barafu. Siku ile nilichelewa kuibadilisha, mtoto alikuwa na homa..."

"Nyamaza. Katikati ya nukta wakati mwingine hakuna kitu. Fuwele hukimbilia ukingoni, kama chumvi kwenye sufuria." Alisogeza sahani, unywele kwa unywele. "Hebu wewe tazama kwenye kamera. Mimi macho yamechoka. Ukingo uko wapi?"

Mwanakombo alitazama. Aliuona ukingo wa nukta yake mwenyewe, mduara aliouchora kwa mkono wa piko, na upande wa kushoto rundo dogo la fuwele. "Kushoto. Tena. Hapo."

Tiki-tiki-tiki.

Mlima mmoja ukachomoza. Mmoja tu, mwembamba, umesimama wima kama mnazi wenye msimamo.

"Huyo," Yustina alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona. "Sasa tumvunje."

Alipandisha nguvu. Huko ndani ya bomba, ambako hakuna jicho litakaloona na hakuna taa ya Krismasi iliyohitajika, nyuzi zile zikaruka na kupasukia njiani, hii hapa, ile pale, nyingine kule. Milima ikaota pande zote. Jenereta likakohoa. Yustina akahifadhi. Likakohoa tena, akahifadhi mara ya pili, akachapa. Karatasi ilikuwa imetoka yote isipokuwa inchi moja ya mwisho pale taa zilipozimika, na hiyo inchi waliivuta kwa mikono.

Walikwenda kukaa barazani kwenye mwanga wa jua. Mwanakombo alifungua daftari lake, akaondoa mpira.

"Soma namba, daktari."

"Elfu moja mia mbili na nne. Inayofuata, elfu moja mia moja na moja."

Alitoa. "Mia moja na tatu."

"Hiyo ni shanga iitwayo sisteini. Elfu moja na nne."

"Tisini na saba."

"Prolini. Mia tisa arobaini na saba."

"Hamsini na saba."

"Glisini. Ile shanga ndogo kuliko zote. Mia nane thelathini na nne."

"Mia moja kumi na tatu."

"Aina zenye uzito huo ziko mbili, mapacha. Weka alama ya kuuliza."

Aliweka alama ya kuuliza. Wakaendelea hivyo, shanga kwa shanga, mpaka zikatimia kumi na tatu, na jirani akaja na Faraji mgongoni akilalamika kwamba mtoto huyu ana njaa ya watu kumi na mmoja.

Jumanne jibu lilifika kutoka Dar es Salaam. Bwana Dickson alilisoma mwenyewe, kisha akafunga mlango akalisoma tena, kisha akaita kikao. Lilikuwa fupi. Wataalamu walimpongeza kwa grafu nzuri, wakamjulisha kwamba vipande vile vinajulikana vema: ni vya protini ya maziwa ya binadamu. Waliuliza kwa heshima kama mama anaendeleaje.

"Nani," alisema Bwana Dickson, "ametia maziwa kwenye mashine ya Serikali?"

Mwanakombo alisimama. Aliacha tambara sakafuni. "Mimi, bosi."

"Wewe mfagiaji! Umemfanya mheshimiwa mgeni rasmi apige leza... apige..." Neno lilikataa kutoka. Suti ilimbana. "Toka! Kibarua chako kimeishia hapa!"

"Sawa," alisema Yustina, na dirisha likatikisika. "Mfukuze. Na kwenye barua ya kumfukuza andika sababu. Andika kwamba mheshimiwa, mke wa mheshimiwa na wageni wengine tisa, ukiwemo wewe, mlipiga maziwa ya mwanamke mbele ya wafadhili huku taa za Krismasi zinaimba. Nakala ipelekwe kwake."

Josephu alipata kitu cha kutazama dirishani.

"Au," Yustina aliendelea, akiweka karatasi ya pili mezani, "hii hapa sumu yenyewe. Imesomwa Ijumaa ile ile, shanga kumi na tatu. Kwa sababu kuna mtu aliitunza."

Bwana Dickson aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Hakuielewa, lakini alielewa kwamba ilikuwa na tarehe ya ufunguzi. Na hapo, tusimnyime haki yake, akili yake ilianza kufanya kazi ambayo iliajiriwa kuifanya.

"Usalama," alisema polepole.

"Nini?"

"Sumu inaua. Haiwezekani Kituo kimruhusu mheshimiwa aisogelee sumu inayoua. Kwa hiyo Kituo, kwa kujali afya ya mgeni rasmi, kiliagiza itumike sampuli isiyo na madhara. Kwa busara. Siyo?" Alishaanza kuandika kwa kalamu ya pili. Kisha akasita. "Lakini uamuzi wa usalama wa maabara hauwezi kufanywa na mhudumu wa usafi. Itaonekana hatuna utaratibu. Lazima awe amefanya mtu wa maabara."

"Lazima," alisema Yustina.

"Aliyeajiriwa kabla ya Ijumaa."

"Kabla kabisa."

Ndivyo Mwanakombo alivyopata barua ya kuteuliwa kuwa msaidizi wa maabara, yenye muhuri, saini, na tarehe ya Alhamisi iliyokuwa imeshapita. Muhuri ulipigwa mara mbili ili isionekane ni ya haraka. Bwana Dickson alimkabidhi kwa mikono miwili, akampa hotuba fupi juu ya uadilifu.

Jumapili alikwenda Msimbati na mtoto na karatasi mbili. Bi Rukia alikuwa anatunga shanga. Mkono ulikuwa umeanza kukumbuka maumivu yake, kwa hiyo alitunga taratibu. Alisikiliza habari yote kuanzia utepe hadi muhuri, akicheka mpaka shanga zikamwagika mkekani. Kisha akataka aonyeshwe.

"Huyu ndiye wa sindano," Mwanakombo alisema, akiweka mkekani ile karatasi yenye jina lake chini ya jina la daktari. "Shanga kumi na tatu. Daktari anasema wenzake wa mbali wataitengeneza upya, waijaribu, waone kama ndiyo inayonyamazisha maumivu. Itachukua miaka, mama. Na huenda isiwe yenyewe."

"Miaka ninayo. Na hii nyingine?"

"Hiyo ni maziwa yangu."

Bi Rukia aliishika ile ya pili karibu na macho, akaigeuza, akafuata milima kwa kidole chenye kifundo kilichovimba, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa karatasi.

"Yana shanga nyingi kuliko sumu," alisema.

Akamrudishia karatasi, akamsogezea mjukuu. "Haya, nnyonyeshe huyu. Wakubwa wameshashiba."